Ufa Upi Uzibwe? Kompyuta na Siri ya Kuvunjika kwa Epoksi

Resini ya epoksi ni gundi ngumu ipatikanayo kwa kuchanganya vimiminika viwili, ambavyo kila kimoja kikiachwa peke yake hubaki laini, lakini vikikutana hupata joto, huwa vizito na hatimaye hugeuka kitu kigumu mithili ya kioo. Katika mji kama Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, gundi hii huuzwa madukani katika mirija miwili iliyofungwa pamoja, na mafundi huitumia kuunganisha vyuma vilivyopasuka. Hufanya kazi pia mahali pasipoonekana, ndani ya mashine za umeme, kwa kuwa nyaya na koili nyingi humiminiwa epoksi ili umeme usivuje na unyevu usipenye. Wajenzi nao huitumia kushikiza boliti ndani ya zege, na watengenezaji wa ndege, mashua na mapanga ya mitambo ya upepo huitumia kugandisha nyuzi za kioo na za kaboni.

Swali linalowahusu wote wanaoitegemea ni moja: ikivutwa kwa nguvu, itavunjika lini, na kwa nini ivunjike hapo na si pengine? Kwa muda mrefu jibu lilitafutwa kwa kuvunja sampuli moja baada ya nyingine, lakini katika miongo ya karibuni kazi hiyo imegawanywa kati ya maabara na kompyuta, kwa njia iitwayo uigaji, yaani kujenga mfano wa kitu kwa hesabu, kuuvuta mfano huo hatua kwa hatua, na kutazama udhaifu unaanzia wapi. Elimu hii si mali ya mataifa tajiri peke yake. Inaweza kufanyiwa kazi Kisangani, mradi wanaoifanya watambue kwamba ugumu wake mkubwa hauko katika ukubwa wa kompyuta bali katika namna ya kuhesabu wakati.

Kutoka sandarusi hadi epoksi

Afrika Mashariki na Kati zilikuwa na ujuzi wa resini muda mrefu kabla ya epoksi kubuniwa. Sandarusi, ambayo ni utomvu wa msandarusi uliogandishwa na miaka mingi ya kukaa ardhini, ilichimbwa katika pwani ya Mrima, ikapitia Unguja, na katika karne ya 19 ikasafirishwa hadi Ulaya na bandari ya Salem nchini Marekani, ambako iliyeyushwa pamoja na mafuta ili kutengeneza vanishi. Katika bonde la Kongo resini ya aina hiyo, iliyojulikana sokoni kwa jina la kopali, ilitoka katika mti ambao wataalamu huuita Guibourtia demeusei na ambao huota kwenye misitu ya kinamasi. Waokotaji waliingia majini wakichoma tope kwa vijiti vyenye ncha ya chuma, hadi mkono usikie ncha imegonga bonge gumu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 utawala wa Ubelgiji uliifanya kopali kuwa miongoni mwa bidhaa kuu za misitu ya jimbo la Ekweta, na uzito wa kazi hiyo uliwaangukia wanakijiji.

Biashara hiyo ilififia pale kemia ilipojifunza kutengeneza resini kiwandani. Paul Schlack wa Ujerumani aliomba hataza ya mchanganyiko wa aina ya epoksi katika miaka ya 1930. Pierre Castan wa Uswisi akafuata katika muongo huohuo, na Sylvan Greenlee akaendeleza kazi kama hiyo Marekani katika miaka ya 1940. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia resini za viwandani zilichukua nafasi ya resini za miti katika vanishi na rangi, na nchi iliyokuwa ikiuza resini duniani ikageuka mnunuzi wa resini. Mchimbaji wa kopali aliijua bidhaa yake kwa ncha ya kijiti, ilhali anayenunua mirija miwili dukani hana chombo cha namna hiyo cha kumwambia ni nini kilichofichika ndani ya gundi iliyokwisha kukauka.

Wavu wa molekuli

Kinachoitofautisha epoksi na sandarusi ni mpangilio wa molekuli zake, yaani vile vifungu vidogo vya atomi vinavyounda kila kitu. Molekuli ya resini ya epoksi ya kawaida ni fupi, na katika kila ncha yake kuna pete ya pembe tatu iliyoundwa na atomi mbili za kaboni na moja ya oksijeni. Pete hiyo imekunjwa kwa kulazimishwa, kwa hiyo hufunguka kwa urahisi ikipata mwenzi wa kushikana naye. Mwenzi huyo ni kigumisho, kile kimiminika cha mrija wa pili, ambacho mara nyingi ni kemikali ya jamii ya amini na ambacho molekuli yake moja huweza kushika ncha nne au zaidi. Kazi hiyo ikikamilika hakuna tena molekuli zilizotengana, bali wavu mmoja uliofumwa pande zote, ndiyo maana epoksi iliyoganda haiwezi kuyeyushwa upya kama nta au sandarusi.

Wakazi wa Kisangani wana mfano wa wavu kama huo mbele ya macho yao. Katika maporomoko ya Boyoma, wavuvi wa Kiwagenia husimika miti mikubwa katika mashimo ya miamba, huifunga kwa kamba zitokanazo na mimea itambaayo ya msituni, kisha huning'iniza migono yao mipana katikati ya mkondo. Maji yanapoisukuma migono, kamba zote hazibebi mzigo sawa: zile zilizokazwa zaidi huvutwa kwanza, ilhali zilizolegea husubiri zamu yao, na kamba ikikatika mzigo wake huhamia kwa jirani zake mara moja. Wavu wa epoksi hufuata kanuni hiyohiyo, isipokuwa kamba zake ni minyororo ya atomi isiyoonekana hata kwa darubini ya kawaida.

Ufa na hesabu yake

Nguvu ya epoksi hupimwa kwa sampuli bapa, pana kwenye ncha na nyembamba katikati, ambayo katika vipimo vya kimataifa huwa na upana wa milimita 10 na unene wa milimita 4 mahali inapotarajiwa kuvunjika. Mashine huishika ncha mbili na kuivuta taratibu, pengine kwa milimita moja kila dakika. Kipimo kinachosomwa huitwa mkazo, maana yake ni nguvu inayobebwa na kila sehemu ya eneo, na huandikwa kwa megapaskali. Megapaskali moja ni nguvu ya nyutoni moja juu ya milimita moja ya mraba. Epoksi nzuri huvumilia takriban megapaskali 60, hivyo sampuli hiyo ndogo yenye eneo la milimita 40 za mraba huweza kuning'iniza karibu kilo 240, sawa na mifuko mitano ya saruji kasoro kidogo.

Hata hivyo, vifungo vya kemikali vilivyomo ndani ya epoksi vina nguvu iliyo juu sana ya kiwango hicho. Sababu ya pengo hilo ilielezwa kwa hatua mbili. Mwaka 1913 Charles Inglis wa Uingereza alionyesha kwamba mkazo hujikusanya kwenye ncha ya tundu, na kadiri tundu linavyokuwa refu na jembamba ndivyo mkusanyiko unavyozidi: tundu la duara katika bamba huongeza mkazo mara tatu kando yake, lakini tundu lenye ncha kali huuongeza kupita kiasi. Kisha Alan Arnold Griffith, akifanya kazi Farnborough na kuchapisha matokeo yake mwaka 1921, alitoa kanuni kwamba ufa hukua pale tu ambapo nishati inayoachiliwa na kitu kilichovutwa inatosha kulipia nyuso mpya zinazofunguka.

Kanuni hiyo ikitumika kwa epoksi ya kawaida huleta matokeo yanayostahili kutazamwa kwa karibu. Ufa wenye urefu wa sehemu 6 za mia za milimita, takriban unene wa unywele mmoja, unatosha kuivunja epoksi kwa mkazo wa megapaskali 60. Ufa huo ukiwa na urefu wa milimita moja, kwa hesabu nyepesi mkazo wa kuvunja hushuka hadi megapaskali 15 hivi, na sampuli iliyobeba karibu mifuko mitano ya saruji sasa huvunjika kwa mfuko mmoja na ziada ndogo. Fundi anayekoroga gundi kwa haraka na kuingiza viputo vya hewa, au anayeongeza kigumisho kwa kukadiria kwa macho hadi wavu ukafumwa vibaya, hupunguza nguvu ya kazi yake kabla haijapokea mzigo wowote.

Wahenga walionya kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta, na onyo lao linasimama. Kilichoongezwa na Griffith ni kipimo: chini ya urefu fulani ufa hutulia, na juu ya urefu huo hukimbia kwa kasi ambayo hakuna mkono unaoweza kuizuia. Kazi ya mhandisi ni kujua mpaka huo uko wapi.

Namna kompyuta inavyovunja

Uigaji hufanywa katika ngazi mbili. Ngazi ya kwanza hushughulikia atomi zenyewe. Mtafiti huanza na kisanduku cha kuwaza chenye upana wa nanomita chache, nanomita ikiwa sehemu moja ya milioni ya milimita, na ndani yake huweka atomi kwa maelfu, akizigawa katika molekuli za resini na za kigumisho. Programu huruhusu pete kufunguka na kushikana hadi wavu ufumwe, kisha kisanduku hurefushwa kidogo kidogo upande mmoja, na kwa kila hatua kompyuta huhesabu nguvu zinazoikabili kila atomi na kuisogeza inapostahili.

Katika mifano mepesi, kifungo kati ya atomi mbili huchukuliwa kama springi isiyokatika, jambo linalofaa kwa kupima ugumu lakini halifai kwa kutazama uvunjikaji. Kwa hiyo wataalamu hutumia kanuni zinazoruhusu kifungo kudhoofika na kuachana, kama ile iliyotolewa na Philip Morse mwaka 1929, au ile pana zaidi iitwayo ReaxFF, iliyochapishwa mwaka 2001 na Adri van Duin, William Goddard na wenzao, ambayo huruhusu vifungo kukatika na vingine kuundwa wakati hesabu inaendelea.

Mwaka huohuo wa 2001, Mark Stevens wa Maabara ya Kitaifa ya Sandia nchini Marekani alichapisha uigaji wa nyavu zilizofumwa kwa msongamano, na akaonyesha kwamba kiasi cha kurefuka kabla ya kuvunjika hutawaliwa na njia fupi kuliko zote zinazovuka wavu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Njia hizo zikinyooka kabisa, mzigo huziangukia, na kukatika huanza. Hilo ndilo somo la kamba zilizokazwa pale Boyoma, likiwa limeandikwa kwa atomi.

Ngazi ya pili hushughulikia kipande kizima, boliti nzima au ubao mzima uliogundishwa. Atomi zake hazihesabiki, kwa hiyo kipande hugawanywa katika vijisehemu vidogo vilivyoungana kama vigae vya sakafu, na hesabu hufanywa kwa kila kijisehemu kwa kuzingatia majirani zake. Njia hii ya vijisehemu, iliyopewa jina lake linalotumika hadi leo na Ray Clough mwaka 1960, ilileta mtego wake: vijisehemu vilivyo karibu na ncha ya ufa vikipunguzwa ukubwa, mkazo unaohesabiwa huzidi kupanda bila kikomo, na mtafiti anayeuamini mkazo peke yake hupata jibu linalobadilika kila anapobadilisha mgawanyo. Dawa yake ilikuwa kurudi kwa Griffith na kuhesabu nishati. Mwaka 1998 Gilles Francfort na Jean-Jacques Marigo wa Ufaransa walieleza uvunjikaji kuwa ni mashindano kati ya nishati iliyomo katika kitu na gharama ya kufungua nyuso, na kutokana na wazo hilo zikazaliwa programu zinazouacha ufa ujitafutie njia, upinde na kugawanyika, bila kuelekezwa na mtu.

Tatizo la saa

Ngazi ya atomi ina udhaifu unaopaswa kutajwa waziwazi. Atomi hutetema kwa kasi kubwa mno, kwa hiyo kila hatua ya hesabu hudumu takriban femtosekunde moja, na hatua milioni moja zikikamilika ni nanosekunde moja tu, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, iliyopita ndani ya kisanduku. Ili sampuli irefuke kwa asilimia 10 katika muda huo, ni lazima ivutwe kwa kasi inayokaribia mara trilioni moja ya kasi ya mashine ya maabara. Wavu unaovutwa kwa haraka hivyo haupati nafasi ya kujipanga upya, na kwa kawaida huonekana kuwa na nguvu kuliko epoksi halisi. Uigaji wa namna hiyo hueleza vizuri mahali udhaifu unapoanzia, lakini hauwezi kusomwa kama tarehe ya kuvunjika.

Maabara nayo, ikiwa na haraka, hupotosha kwa namna yake. Tarehe 10 Julai 2006, dari ya njia ya chini ya ardhi mjini Boston, Marekani, iliporomoka, na takriban tani 26 za zege na vyuma ziliangukia barabara na gari lililokuwa likipita, zikamuua abiria mmoja. Dari hiyo ilining'inizwa kwa boliti zilizogundishwa kwa epoksi ndani ya zege la juu, na mzigo wake ulizivuta boliti hizo kuelekea chini mchana na usiku. Boliti zilikuwa zimevutwa kwa muda mfupi kabla ya kazi kukubaliwa, na zilistahimili. Uchunguzi wa bodi ya serikali ya usalama wa usafiri, uliotolewa mwaka 2007, ulibaini kwamba epoksi iliyotumika, ya aina inayokauka haraka, haikuwa na uwezo wa kuhimili mzigo wa kudumu, bali ilirefuka polepole hadi ikaachia.

Saa tatu tofauti zilikuwa zikihesabu katika mkasa wa aina hiyo: saa ya kompyuta inayopima nanosekunde, saa ya maabara inayopima dakika, na saa ya dari inayopima miaka. Kila moja ilisema kweli kwa kipimo chake, na hatari ilitokea pale jibu la saa moja lilipochukuliwa kuwa jibu la nyingine.

Kisangani na saa ya nne

Kwa jiji lililo karibu kabisa na mstari wa ikweta, kuna saa ya nne, nayo ni ya unyevu. Epoksi iliyoganda hufyonza maji kutoka hewani, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 5 ya uzito wake kutegemea aina, na maji hayo hujipenyeza kati ya minyororo ya wavu, huilegeza, na huishusha ile nyuzijoto ambayo epoksi huanza kulainika ikiifikia. Taarifa zinazoandikwa kwenye mirija na makopo hutokana na sampuli zilizopimwa katika vyumba vikavu vya baridi ya wastani, hivyo kiunganishi kinachokaa ng'ambo yoyote ya mto Tshopo, katika joto na mvua za karibu mwaka mzima, hakijapimwa katika hali yake halisi. Mtafiti anaweza kuingiza molekuli za maji ndani ya kisanduku cha kompyuta na kuona zinashika wapi, na swali hilo lina uzito Kisangani kuliko Boston.

Vifaa vya kuanzia vipo. Programu ya LAMMPS, iliyoanzia Sandia kwa ajili ya uigaji wa atomi, hutolewa bure. Code_Aster, ya hesabu za vipande vizima, hutolewa bure na shirika la umeme la Ufaransa, na maelezo yake yapo kwa Kifaransa, lugha ya kufundishia katika vyuo vikuu vya Kongo. Kompyuta ya mezani ya kawaida inaweza kuhesabu kisanduku kidogo cha atomi elfu chache, na kwa kuwa programu hizi huhifadhi hali ya hesabu kila baada ya hatua kadhaa, umeme ukikatika kazi huendelea kutoka pale ilipohifadhiwa badala ya kuanza upya.

Majirani wameshaonyesha njia. Mafunzo ya Kiafrika ya hesabu za muundo wa maada, yajulikanayo kwa kifupi cha ASESMA, yalianza Cape Town mwaka 2010, na mwaka 2012 yalifanyika Eldoret nchini Kenya, ambako wanafizikia kama George Amolo na Nicholas Makau wamelea kizazi cha watafiti wanaochunguza maada kwa kompyuta. Kwa hesabu kubwa zaidi, Afrika Kusini ilizindua mwaka 2016 kompyuta kubwa iitwayo Lengau, na Kongo, ikiwa mwanachama wa jumuiya ya SADC, ina kila sababu ya kubisha mlango huo.

Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963, kinajulikana zaidi kwa elimu ya viumbe, na kituo cha utafiti cha Yangambi, kilichoanzishwa mwaka 1933 umbali wa takriban kilomita 100 kufuata mto, kina historia ndefu ya kuchunguza miti. Urithi huo hauko mbali na epoksi kama unavyoonekana, kwa kuwa ubao nao ni nyuzi imara zilizoshikanishwa na kitu kinachofanya kazi ya gundi, na hesabu za ufa unaopita katika resini yenye nyuzi za kioo ni ndugu wa hesabu za ufa unaopita katika mbao. Mwanafunzi anayeijua mbao ya Tshopo kwa ndani tayari ana nusu ya lugha ya elimu hii.

Kilichobaki ni jaribio, na hapa Kisangani ina nafasi ambayo maabara tajiri hulazimika kuinunua. Kipimo ambacho kingeikinga dari ya Boston, yaani kutundika mzigo usiobadilika na kusubiri, ndicho chepesi kuliko vyote. Sampuli ya epoksi yenye upana wa milimita 5 na unene wa milimita 2, ikibebeshwa ndoo yenye lita 15 za maji, hupata mkazo wa takriban megapaskali 15, robo ya nguvu yake iliyoandikwa. Fremu ya mbao, safu ya ndoo, rula, kalenda, na hewa ileile yenye unyevu inayoingia dirishani vingetosha kuanza kuandika, wiki baada ya wiki, ni kiasi gani kila sampuli imerefuka na ni siku gani imekatika. Daftari la namna hiyo, likiwekwa kando ya kisanduku cha atomi kinachohesabu nanosekunde zake ndani ya kompyuta, lingewawezesha wahandisi wa ukanda wa ikweta kusema kwa uhakika, juu ya gundi wanayoinunua, ni ufa upi unaoweza kuachwa na ni upi unaopaswa kuzibwa leo.